Boti Mpya Ndogo au Kuukuu Kubwa? Tunataka Kuingia Ziwa Kubwa

SWALI

Ndugu Mshauri,

Salamu. Nimekuwa msomaji wako wa kimyakimya kwa muda mrefu, leo limenifika na mimi.

Nimevua tangu utotoni, ila maji madogo tu: mabwawa, mito, na ziwa ambalo ukisimama upande huu unawaona watu wa upande ule wakifua nguo. Boti yangu ni ya chini bapa, ina injini ya HP 15, na haijawahi kunitia aibu. Sasa mimi na mdogo wangu tumepania kuhamia ziwa kubwa, lile la kutoka asubuhi na kuipoteza nchi kavu machoni. Samaki tunaowataka wako kilomita 15 hadi 18 kutoka ufukweni, na wanavuliwa kwa kukokota chambo polepole saa nyingi. Tutakuwa wawili, mara nyingine watatu, maana kijana wangu wa miaka 11 ameshaanza kuulizia safari.

Tumeona boti mbili. Ya kwanza ni mpya, ya alumini, mita 4.9. Mbele ina V, lakini ukifika nyuma imelala karibu bapa. Ubavu wake si mrefu. Inakuja na injini mpya ya HP 60 ya mipigo minne, na inamaliza hela yote. Karibu na usukani kuna kibati: watu 5, kilo 520, HP 60, na herufi D peke yake. Nilimwuliza muuzaji hiyo D ni nini, akasema ni toleo.

Ya pili ni ya faiba, mita 6.4, imetumika miaka mingi. V yake ni kali mpaka nyuma, na nikisimama ndani ubavu unanipita magoti. Injini yake ni HP 115 ya mipigo miwili, ya kabureta, na ikiwaka moshi wake unafukuza mbu. Kibati kinaruhusu HP 150, herufi ni C. Hii ingetubakizia kama theluthi ya hela.

Mdogo wangu anataka mpya kwa sababu ya dhamana. Rafiki yetu fundi anasema tuchukue hiyo hiyo mpya, lakini tufunge HP 40 mbili badala ya 60 moja, ili moja ikifa nyingine iturudishe. Mke wangu hajachagua. Ameuliza tu, upepo ukigeuka mkiwa huko, ipi inarudi? Nikakosa jibu.

Na je, tubebe mafuta kiasi gani? Na kijana niende naye safari ya kwanza?

Ni mimi,
Mvuvi wa Maji Madogo

JIBU

Mvuvi wa Maji Madogo,

Katika nyumba yenu mkeo peke yake ndiye aliyeuliza habari za boti. Wengine wote mmeuliza habari za injini. Kwa hiyo nianze na yeye: inayorudi ni ile ya mita 6.4, mradi ubao wake wa tezi, yaani ule wa nyuma unaobeba injini, uwe mzima. Injini yake muihesabu kama haipo. Ikifanya kazi, heri. Lakini msiinunue boti kwa ajili yake.

Kinachowababaisha wengi wanaotoka maji madogo ni kudhani kwamba tofauti ni umbali tu. Wimbi hukuzwa na vitu vitatu: kasi ya upepo, muda ambao umevuma, na urefu wa maji uliopita juu yake bila kukutana na nchi. Kwenye ziwa lako la wafua nguo hicho cha tatu hakipo, ndiyo maana hata siku ya upepo mkali unapata vijiwimbi tu. Kwenye ziwa kubwa vyote vitatu vipo, na mara nyingi kuna cha nne, yaani kina kifupi. Ziwa Erie kule Amerika Kaskazini lina kina cha wastani cha mita 19 tu, na wenyeji wake wanaliogopa kuliko maziwa jirani yenye kina kirefu zaidi, kwa sababu mawimbi yake huinuka haraka na kusimama wima. Ziwa Victoria nalo, pamoja na ukubwa wake wote wa kilomita za mraba zipatazo 68,000, mahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80.

Halafu kuna nafasi kati ya wimbi na wimbi. Bahari iliyo wazi inaweza kukupa sekunde 10 na zaidi kati ya kilele na kilele, na boti ndogo ikapanda na kushuka taratibu. Ziwani utapewa 3, 4, labda 5. Boti ya mita 4.9 ikishuka mgongo wa wimbi moja, omo yake, yaani ncha ya mbele, inakuta la pili limeshafika. Ikiwa ubavu ni mfupi, hilo la pili linaingia ndani. Mkirudi upepo ukiwa nyuma ni vibaya zaidi: wimbi linakufukuzia, linainua tezi, boti inataka kugeuka ubavu, na ukipunguza mwendo ghafla maji yanapanda juu ya ubao wa injini. Kwenye boti fupi, pale nyuma ndipo palipo chini kuliko kote, na ndipo mmetundika uzito wote.

Sasa ile herufi. Si toleo. Ni daraja la usanifu linalotumika kwa boti zilizoidhinishwa kwa soko la Ulaya. D imekusudiwa upepo usiozidi ngazi ya 4 ya kipimo cha upepo cha Beaufort, yaani hadi kama kilomita 28 kwa saa, na mawimbi ya sentimita 30, mara mojamoja 50. C inafika ngazi ya 6, kama kilomita 49 kwa saa, na mawimbi ya hadi mita 2. Haina maana kwamba mkiwa na C mtoke siku ya mawimbi ya mita 2. Mtajuta kabla ya kufika popote. Maana yake ni kwamba hali ikiwageukia mkiwa kilomita 18 nje, mwenye C amekaa ndani ya kitu kilichofikiriwa kwa hali hiyo, na mwenye D hajakaa. Muuzaji asiyejua D ni nini nisingemwuliza kitu kingine chochote, hata bei.

V kali nayo ina gharama zake, nisikudanganye. Boti yenye pembe ya nyuzi 20 kwenye tezi hulikata wimbi badala ya kulipiga, mgongo wako utaishukuru, lakini ikisimama inayumba kuliko hiyo bapa uliyoizoea. Wote wawili mkiegemea upande mmoja kumvuta samaki, itainama na mtashtuka. Inakula nguvu zaidi kuanza kuteleza juu ya maji. Kwa ziwa, wengi huridhika na nyuzi 15 hadi 18, katikati ya ulaini na utulivu. Pimeni hiyo yenu. Ikiwa 20 au 21 si tatizo, ikipita hapo mjue itayumba zaidi ikisimama na itataka nguvu zaidi.

Fundi wenu nia yake ni njema, hesabu yake ndiyo mbaya. Arobaini mbili ni 80, na kibati kinasema 60. HP 40 ya mipigo minne ina karibu kilo 100. Mbili ni 200, wakati HP 60 moja ina kama 110 hadi 120. Mnaongeza uzito wa mtu mzima mahali ambapo boti hiyo haitaki hata begi. Isitoshe, injini mbili zinazonywea tangi moja zina maradhi mamoja. Maji yakiingia kwenye petroli, na hicho ni kimoja cha vyanzo vikubwa vya injini kuzimika majini, zote mbili zitakohoa ndani ya dakika hiyo hiyo.

Mnachokihitaji ni injini kuu moja na ndogo moja pembeni, HP 8 hadi 10, yenye tangi lake dogo la peke yake. Hiyo theluthi ya hela inayobaki ianzie hapo. Ndogo hii ndiyo itakayofanya kazi ya kukokota chambo kutwa, kwa hiyo si mzigo wa akiba unaosubiri balaa. Mtaijua hali yake kila safari. Chagueni ya mipigo minne, yenye mguu mrefu (mguu ni ile sehemu inayoshuka majini na kubeba propela), na kama ipo ile iliyotengenezewa kusukuma mizigo, yenye propela pana ya mwendo mdogo, bora hiyo. Boti ya mita 6.4 itakwenda kama kilomita 9 kwa saa kwa HP 10 maji yakitulia. Kutoka kilomita 18 ni saa mbili. Upepo ukiwa usoni, hesabuni saa nne au zaidi, na mjue kwamba siku nyingine itawashikilia tu mahali mlipo huku omo ikitazama wimbi. Hata hilo ni jambo kubwa. Boti isiyo na injini hujigeuza ubavu yenyewe.

Kuhusu ile kuukuu ya HP 115. Mipigo miwili ya kabureta ni nyepesi, fundi yeyote anaifungua, na ina msukumo mzuri wa kuanzia. Lakini inakunywa, na ukiiendesha polepole muda mrefu plagi zinachafuka. Kwa kuwa ndogo ndiyo itakokota, kasoro hiyo ya pili haiwahusu sana. Tumieni hii mpaka mpate hela ya nyingine, ikipita vipimo nitakavyovitaja. Mkibadilisha, kanuni nzuri ni kukaa kati ya robo tatu na kiwango kamili cha kibati: kwa 150 ni kuanzia 112. HP 115 mpya ya mipigo minne, yenye kilo 160 hadi 170 hivi, inatosha, na tezi haitaona tofauti kubwa. Msiende chini ya hapo kwa kubana mafuta. Injini ndogo kwenye boti nzito hufanya kazi ikiwa imefunguliwa yote muda wote, na haibani chochote. Kabla ya kununua, pimeni kimo cha ubao wa tezi kutoka ukingo wa juu hadi chini kabisa: ukiwa kama sentimita 51 mnataka mguu mrefu, ukiwa 64 mnataka mrefu zaidi. Mguu ukiwa mfupi, propela itapiga hewa kila boti inapopanda wimbi, na hapo ndipo unapouhitaji msukumo kuliko wakati wowote.

Ukaguzi ndio ulio na kila kitu, kwa hiyo msiufanye jioni wala msiufanye mkiwa na hela mfukoni.

Anzeni na ubao wa tezi. Faiba nyingi za zamani zina mbao ndani yake, na mbao hizo huoza kupitia matundu ya boliti. Inueni injini nusu, shikeni mguu wake chini karibu na propela, mmoja ausukume juu na kuuvuta chini kwa uzito wake, mwingine ainame atazame pale ubao unapokutana na mbavu za boti. Kusiwe na kucheza. Ukiona ufa unaofumbuka na kufumba kama mdomo, mshukuruni mzee anayeiuza mwondoke. Hiyo si kazi ya kupiga rangi. Kisha gongeni ubao wote kwa mpini wa bisibisi, sentimita chache chache. Panapolia kavu pazima. Panapojibu kwa kishindo kizito, kilichokufa, pana maji. Mkiruhusiwa, fungueni skrubu moja ya chini mwone inatoka na nini. Unga mweusi wenye unyevu unatosha kuwajibu.

Chini ya sakafu kuna povu la kuifanya boti ielee ikijaa maji. Likilowa halikauki, na boti inabeba mamia ya kilo za maji bila nyinyi kujua. Mkiweza kuipitisha kwenye mizani ikiwa juu ya trela, mkatoa uzito wa trela, injini na mafuta, linganisheni na uzito alioutaja mtengenezaji.

Injini: mwambieni mzee asiiwashe kabla hamjafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Guseni kifuniko, kiwe baridi, ndipo iwashwe, huku mguu uko majini au umevishwa bomba la maji. Mkondo wa maji ya kupozea utoke mara moja na uendelee kwa nguvu. Fundi wenu, na hapa ndipo afaapo, apime mgandamizo wa kila silinda. Zisipishane zaidi ya asilimia 10. Halafu alegeze skrubu ya chini ya giaboksi na kudondosha mafuta kidogo juu ya karatasi nyeupe. Yakiwa meusi, ni uzee tu. Yakiwa meupe kama maziwa, sili zimekufa na maji yameingia. Skrubu hiyo mara nyingi ina sumaku kwenye ncha: utandu mwembamba wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida.

Mwisho wa yote itieni majini, na muiendeshe siku yenye upepo kidogo. Kwenye maji yaliyotulia boti zote ni nzuri. Zungukeni nayo, ikateni kwenye mawimbi yake yenyewe, isimamisheni ubavu muone inavyoyumba, kisha fungueni sakafu muangalie ngama, yaani tumbo la chini la boti, imeingiza nini. Ikifeli vipimo vya tezi, msirudi kwa ile ya mita 4.9 kwa hasira. Subirini nyingine. Boti za faiba za ukubwa huo hazikosekani.

Mafuta. Kanuni ya zamani ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa. Tufanye hesabu yenu. HP 115 ya mipigo minne kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa itatumia kama lita 20 kwa saa. Ikifunguliwa yote inakaribia 40. Hiyo kuukuu yenu ongezeni angalau theluthi. Kwenda kilomita 18 siku ya utulivu ni lita 10 hivi. Kurudi siku hiyo hiyo upepo ukiwa umeinuka hamtakwenda 40, mtakwenda 15, boti ikilima maji badala ya kuteleza, na injini ikiunguza karibu kiasi kile kile kwa saa. Safari ya dakika 27 inakuwa saa moja na robo, na lita 10 zinakuwa 25. Watu wanaoishiwa mafuta ziwani si kwamba hawakupiga hesabu. Walipiga ya kwenda, wakaizidisha kwa mbili. Tangi kuu liwe la lita 80 au 100, lijazwe kila safari, ndogo iwe na lita zake 20. Petroli ni kama gramu 740 kwa lita, kwa hiyo lita 80 ni kilo 60 hivi. Tangi likae katikati ya boti, chini, lisisukumwe tezi. Chujio la kutenganisha maji na petroli lifungwe siku mnayoinunua, hata kabla ya kipaza sauti cha muziki ambacho najua mdogo wako anakifikiria.

Vitu vidogo navipitia haraka. Ile kamba ya kuzima injini ifungwe kwenye mwili wa anayeendesha, kila mara. Marekani wameifanya kuwa sheria kwa boti za chini ya futi 26 tangu Aprili 2021, na hata pasipo sheria, boti inayozunguka peke yake juu ya mtu aliyedondoka haimjali. Betri mbili zenye swichi ya kuzitenganisha. Pampu ya ngama, na ndoo, maana pampu hutegemea betri. Propela ya akiba pamoja na nati na pini yake. Nanga yenye kamba ndefu ifungwe omo, kamwe isifungwe tezi. Redio ya mawasiliano ya VHF, kwa sababu simu huishiwa mtandao pale pale mnapoanza kuihitaji. Na angalieni vile vibonge vya chuma vinavyojitoa mhanga ili injini isiliwe na kutu: vya zinki ni vya maji ya chumvi, kwenye maji baridi vinajivika utando na kuacha kufanya kazi. Ziwani fungeni vya magnesiamu.

Kijana asiende safari ya kwanza, wala ya pili. Hizo ni zenu wawili, mkae karibu na nchi, mjifunze boti inavyopokea wimbi la mbele, la ubavuni na la nyuma, na mdogo wako aweze kuirudisha bila wewe kumwelekeza. Akizoea yeye, kijana apande. Koti lake la kuokolea lisiwe lako lililokazwa mikanda. Lichaguliwe kwa kilo zake, alivae, afunge kila kitu, kisha wewe ushike mabega ya koti na kumnyanyua kidogo. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa kwake, rudisheni dukani.